Ukurasa Usiogeuzwa

Jumatatu, 2 Januari

Jana Padre Celedonio alitupatia kazi ya mwaka mzima. Amesema atakayesoma Biblia yote, kidogo kidogo kila siku, toka mwanzo bila kuruka, Desemba atajikuta mtu mwingine. Nimerudi nyumbani nikijicheka. Mtu mwingine wa nini? Huyu Nereida mmoja tu hapati muda wa kukaa — ndizi za kuponda asubuhi, rola za kubana mchana kwenye saluni yangu ya hapa nyumbani, jioni kufagia nywele za watu.

Lakini neno limenikaa. Nina miaka kumi na tatu kwenye nyumba hii. Biblia iko sebuleni, juu ya meza yake, wazi mchana na usiku. Na sijasoma hata mstari! Naifuta vumbi tu, tena pembezoni, kwa brashi ya kupakia dawa ya nywele, kama mtu anayemfuta uso mtoto aliyelala.

Ni Biblia ya mama mkwe wangu, Mama Eduviges. Haisomwi. Inawekwa wazi, Zaburi ya 91, ile ya kujificha chini ya mbawa za Mungu, ili nyumba isidhurike. Marehemu mumewe, mzee Fermín, ndiye aliyeifungua kwa mikono yake kwenye kile kimbunga cha mwaka sabini na tisa. Mtaa mzima uling'olewa mabati, la kwetu halikutikisika. Tangu siku hiyo ukurasa haujageuzwa. Miaka kumi na sita! Jua limeubabua, nta ya mishumaa imeudondokea, ukisimama unaona namba ya juu tu. Majirani wakiingia husimama mbele yake, hufumba macho, huikariri zaburi kwa kichwa, hupiga ishara ya msalaba, kisha huomba kahawa.

Nimemwambia Mama nitanunua Biblia yangu. Amesema Biblia mbili kwenye nyumba moja zitagombana.

Jumatano, 4 Januari

Siku mbili za mazungumzo. Serikali huundwa kwa maneno machache kuliko haya! Tumekubaliana hivi: mchana ninaruhusiwa kugeuza kurasa, kwa sababu mchana malaika wako macho na watatuangalia hata bila zaburi. Lakini kengele ya kanisa ya saa kumi na mbili jioni ikilia, ukurasa uwe umerudi mahali pake. Alama yake ni jani la mtende lililobarikiwa Jumapili ya Matawi. Siku nikisahau, Mama anachukua Biblia yake na sanduku lake anahamia Santiago kwa binti yake Colasa.

Wala hatanii. Mwaka juzi kwa ajili ya sufuria niliyoiunguza, sanduku lilifika hadi kwenye kituo cha basi.

Niandike ukweli humu ambamo hasomi mtu. Anselmo mume wangu yuko barabarani na lori lake la ndizi, nitamwona tena Jumamosi. Watoto hatukujaliwa. Mama akienda Santiago, mimi nitaongea na madraya.

Jumamosi, 14 Januari

Haya! Leo umeme umekatika saa nne na vichwa vitano viko na rola, vimelowa chapachapa. Draya kimya. Fredesvinda, shoga yangu na mteja wa kila Jumamosi, ana harusi ya mpwa wake jioni, akaanza kunitazama kana kwamba nimekata nyaya kwa mkono wangu. Nikaona bora nisome kwa sauti kuliko kulaumiwa. Nilikuwa nimefika kwa Yosefu na kaka zake.

Sijawahi kuona saluni imetulia vile. Yosefu alipovuliwa kanzu, Vinda alisema hao kaka ni kama wajomba zake yeye kabisa. Alipotumbukizwa shimoni, hakuna aliyekohoa. Na hapohapo umeme ukarudi! Mtaa mzima ukapiga kelele za furaha kama kawaida. Nikainuka kwenda kuwasha draya, Vinda akanishika mkono.

"Kaa chini. Kwanza mtoto atoke shimoni."

Akatoka shimoni, akauzwa, wakalia. Vinda ameenda harusini na nywele mbichi. Mama Eduviges alikuwa kwenye kiti chake cha kubembea, mgongo ametupa sisi, anachambua njegere. Bakuli la njegere safi alilimaliza zamani. Alikuwa anachambua mara ya pili.

Ukurasa nimeurudisha saa kumi na moja na nusu. Amekuja kupima kwa kidole kama jani la mtende limekaa sawa.

Jumatatu, 16 Januari

Wateja wawili leo, Jumatatu! Hawana shida ya nywele. Wanataka kujua kama mke wa Potifa alimpata.

Jumatatu, 20 Februari

Mambo ya Walawi. Mafuta ya figo. Ini. Mafuta ya figo tena. Wateja wanaomba niwashe redio. Mimi mwenyewe nimesinzia na kitana mkononi.

Mama peke yake kafurahi. Zamani alikuwa anachinja mbuzi kwa ajili ya sikukuu za kiwanda cha sukari. Amegeuka na kiti chake chote, akasema aliyeandika haya alikuwa anajua kuchinja, si hawa wa siku hizi wanaopasua nyongo. Ndiyo mara ya kwanza kukubali kwamba anasikiliza.

Jumanne, 14 Machi

Sijasoma siku tisa. Aibu. Kwanza mafua, kisha mabibi harusi watatu mfululizo, kisha uvivu — niuite kwa jina lake. Nilishaamua moyoni kwamba basi, mwaka huu umenishinda.

Leo baada ya kahawa Mama amepita karibu na meza, akasema hewani tu kwamba kuna kurasa zikikaa sana bila kugeuzwa hushikana. Huyu! Mwenye ukurasa mmoja miaka kumi na sita!

Nimesoma mpaka sauti ikakauka.

Jumamosi, 1 Aprili

Ruthu. Sikujua imo humo. Mkwe mjane anamfuata mama mkwe wake, anakataa kurudishwa, anasema utakapolala nitalala. Nilikuwa nasoma nikihisi masikio yananiwaka, maana saluni nzima ilikuwa inatutazama sisi wawili, mimi halafu Mama, mimi halafu Mama.

Mama kasubiri mpaka mwisho. Akasema huyo Ruthu alikuwa na bahati, mama mkwe wake hakulazimika kunusa dawa ya nywele kutwa. Wamecheka wote. Lakini baadaye, nilipokuwa nafagia, nimekuta kikombe cha kahawa kwenye dirisha la saluni, na sukari vijiko vitatu, kama ninavyopenda mimi na yeye anavyochukia. Hajawahi kunitengenezea kahawa tangu niolewe. Nimeinywa nimesimama. Nimelia kidogo, nikasema ni dawa ya nywele.

Ijumaa, 14 Aprili

Ijumaa Kuu. Saluni imefungwa. Kutwa tunachemsha maharage matamu ya Kwaresima na kugawa mabakuli mtaani. Kila bakuli linarudi na maharage ya jirani, kwa hiyo tumekula maharage ya watu saba. Padre ameniuliza nimefika wapi. Nimesema kwa Sauli, na niko nyuma wiki tatu. Amesema hata Sauli alikuwa akitafuta punda tu, akapata ufalme.

Anselmo yuko nyumbani tangu juzi. Ananiambia nimebadilika. Nikamwuliza kivipi. Amesema siku hizi nikikasirika nacheka katikati.

Alhamisi, 20 Julai

Mungu wangu.

Nimeandika hivyo halafu nimerudi mezani kuhakikisha.

Leo nilikuwa nasoma peke yangu, mvua kubwa, hakuna mteja, Mama amelala usingizi wa mchana. Zaburi ya 88, 89, 90. Ninafika ya 90, na mdomo unasoma wenyewe bila macho — yule akaaye uvulini kwa Aliye Juu, mitego, mshale wa mchana, malaika wa kukubeba mikononi. Ndiyo hiyo! Ile ile inayokaririwa na mtaa mzima macho yamefumbwa. Lakini namba yake ni 90.

Nimegeuza karatasi. Upande wa pili, ukurasa wetu uliobabuliwa na jua, wenye nta. Namba 91. Nimevaa miwani, nimeinama mpaka pua imegusa. Ni zaburi nyingine kabisa! Hakuna mbawa. Hakuna ngao. Ya kinga iko ukurasa mmoja nyuma, imelala kifudifudi, tumeifunika miaka kumi na sita.

Na mimi nimekuwa nikiurudisha ukurasa huu kila jioni tangu Januari. Nilitazama namba na jani la mtende, sikutazama neno hata moja. Tumesoma kila ukurasa isipokuwa huu tunaoutazama!

Kengele imelia nikiwa bado nimeushika.

Ijumaa, 21 Julai

Nimekimbia kwa Padre. Amecheka mpaka akavua miwani. Biblia za zamani za Kikatoliki, kama hii yetu, zilihesabu zaburi mbili za mwanzoni kama moja, kwa hiyo kuanzia hapo namba karibu zote zimerudi nyuma moja. Watu wanasema 91 kwa sababu ndivyo ilivyo kwenye Biblia mpya. Kwenye ya Mama ni 90. Hakuna kosa la mtu, amesema.

Kwake rahisi. Haishi na Mama Eduviges. Mama anajisifu mtaani kwamba Fermín wake alikuwa msomi, mpima miwa wa kiwanda, kila jioni na gazeti lake, na kwamba alikwenda moja kwa moja kwenye zaburi yenyewe bila kuulizwa. Msomi angejua kwamba alichofungua sicho. Nikimwambia ukurasa si wenyewe, namwondolea bati na mume kwa siku moja. Na nisipomwambia? Vimbunga ndiyo msimu wake huu.

Jumatano, 26 Julai

Leo nimesoma 89, nikaruka hadi 94. Mama hajui herufi lakini kuhesabu anajua.

"Tisini na moja mbona hujaisoma? Ndiyo ya nyumba."

Nimesema hiyo si tunaijua wote, Mama. Ameendelea kubembea, macho kwangu. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu inaishia kwenye kile kiti.

Jumatatu, 14 Agosti

Methali. Vinda anataka nimwandikie tatu kwenye kikaratasi ampelekee mumewe. Nimemwandikia. Mume amejibu kwa kumtumia moja ya mke mgomvi na bati linalovuja! Kwa hiyo sasa na waume wanasoma, kwa shari.

Saluni ina vicheko kutwa na mimi ninacheka nao, halafu kila saa kumi na moja na nusu naiendea meza. Narudisha ukurasa. Mama anapima jani kwa kidole. Ananiambia ahsante, mwanangu. Hilo "mwanangu" limeanza juzi tu.

Jumapili, 3 Septemba

Redio. Kimbunga kikubwa kinatoka mashariki, kimeshapewa jina. Huenda kitapita kaskazini yetu, huenda sivyo. Foleni ya misumari na mishumaa dukani. Anselmo amerudi mapema, anafunga mabati kwa kamba za lori.

Watu watano leo wamekuja kusimama mbele ya Biblia. Wamefumba macho. Mama amesimama kando kama mwenye duka. Vinda amesema wakihisi upepo wao wote wanahamia kwetu, kama mwaka ule, kwa sababu nyumba ya 91 haianguki. Mama kawaambia waje na vikombe vyao.

Siwezi. Watu watabeba watoto wao kuja kujificha chini ya ukurasa nisiouamini. Kesho nasema. Mficha uchi hazai.

Jumatatu, 4 Septemba

Nimesema!

Asubuhi, baada ya kahawa. Nimekaa kwenye kigoda miguuni pake. Nikaanzia kwa Padre, nikapitia hesabu za Wakatoliki wa kale, nikapotea, nikarudi. Akanikata: "Nereida, kama umeunguza sufuria, sema."

Nikasema. Ukurasa si wenyewe, Mama. Zaburi ya kinga iko ukurasa mmoja nyuma. Mzee hakukosea, aliangalia namba, namba ndiyo... Hapo nikainamia magoti yake.

Kiti kikaacha kubembea. Nikasikia mwili wake unatetemeka, nikajua nimemuua. Nikainua uso. Alikuwa anacheka! Anacheka bila sauti, machozi yanamtoka, ameshika ubavu.

"Fermín alijua kusoma kama mimi ninavyojua kuruka angani," amesema. "Namba alizijua. Kapima miwa miaka thelathini. Herufi, hata moja hakuijua. Gazeti lake la jioni nilikuwa namgeuzia mimi. Nilitazama picha tu, watu wasisimame kwa vichwa."

Miaka hamsini amemtunzia siri hiyo. Na mimi nimekosa usingizi wiki sita nikimlinda marehemu dhidi ya mkewe!

Alipofuta machozi akauliza hiyo nyingine, iliyokuwa juu, inasema nini. Nimemletea Biblia mapajani, nimesoma taratibu, maana maandishi yamefifia. Ni zaburi ya shukrani. Kwamba ni vyema kumshukuru Mungu asubuhi na jioni, kwa vinanda. Kwamba mwenye haki husitawi kama mtende. Kwamba hata uzeeni atazaa matunda, bado ana utomvu, bado ni mbichi.

Mama ana miaka sabini na tisa. Alikuwa ameshika lile jani la mtende. Akaliangalia, akaligeuza, akaliangalia tena.

"Kwa hiyo miaka yote hii tulikuwa tunashukuru."

Nikasema ndiyo.

"Na sisi tulidhani tunaomba." Akaanza kubembea tena. "Basi ndiyo maana bati halikung'oka. Nani atamng'olea bati mtu anayeshukuru?"

Nikamwuliza sasa tuiweke wapi, kimbunga kinakuja. Amesema atafikiri. Kisha amenituma nikaponde ndizi, amesikia njaa ya msichana.

Jumanne, 5 Septemba

Naandika kwa penseli ya nyusi, kalamu sioni. Saa kumi na mbili kasorobo jioni. Anga limekuwa la rangi ya shaba, upepo unakuja kwa vishindo kisha unanyamaza. Redio inasema kaskazini. Dakika tano baadaye inasema huenda. Madirisha tumepigilia mbao. Sanduku la Mama, lile la Santiago, tumelijaza mchanga, Anselmo amelisukumia mlango wa nyuma uzuie upepo. Mama mwenyewe ndiye aliyelitoa. Amesema angalau mara moja katika maisha yake lifike mahali.

Majirani wamejaa sebuleni mpaka kwenye saluni. Bibi wa nyumba ya pili kakaa chini ya draya, anasema humo atasikia upepo kidogo. Kila aliyeingia alikwenda moja kwa moja kwenye meza. Na meza ilikuwa tupu! Biblia iko mapajani kwa Mama. Vinda ameichungulia, akapauka. Kauliza 91 iko wapi.

"Hiyo naijua," Mama amesema. "Ya tisini naijua, na ya tisini na moja nimeijua jana. Ninayoitaka ni ile nisiyoijua."

Na jani la mtende amelichomeka mwenyewe tulipoishia. Wimbo Ulio Bora! Nimemnong'oneza kwamba hapo ni pa wapenzi watupu, shingo na matiti na mafuta ya kunukia, na kuna watu wazima humu. Amesema watu wazima ndio wenyewe.

Kwa hiyo ninasoma. Kimbunga nje, na ndani watu ishirini na watatu wanasikiliza kijana anavyomsifu mchumba wake meno. Vinda anamtazama mumewe kwa jicho la kumlinganisha. Mume anatazama dari. Anselmo amelowa, kasimama nyuma yangu, ameniwekea mkono begani — mbele ya mama yake!

Nimepumzika kidogo Mama akigawa kahawa, ndipo naandika haya. Tumefika pale kijana amekuja usiku, nywele zimelowa umande, anabisha mlangoni, na mwanamke ameshavua, ameshaosha miguu, anasitasita.

Kengele. Ya saa kumi na mbili. Wameipiga hata leo! Nimenyanyuka kwa mazoea, mkono umeshafika kwenye Biblia niurudishe ukurasa. Mama amekifunika kiganja changu kwa chake. Kengele imelia mpaka mwisho na ukurasa haujarudi.

Bati limeanza kuimba. Mlango unagongwa, mwingine huyo anataka kuingia. Mama anasema nenda kafungue upesi halafu uje umalizie, kwa sababu na yule mwanamke bado hajafungua.